Aliyeteleza kazini analipwa nini? Historia fupi kutoka Hanang

Wadau, ukitaja Hanang siku hizi watu wanakumbuka maporomoko ya Katesh ya Desemba 2023. Mimi leo nataka tuongelee ngano, na mtu aliyeteleza kazini.

Miaka ya 1970 serikali, kupitia shirika lake la NAFCO na kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano Basotu, Setchet, Mulbadaw na kwingineko, kwenye malisho ya Wabarabaig. Mgogoro wa ardhi umeandikwa sana. Kesi ya Mulbadaw ilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Lakini mashamba yale yalikuwa pia kama kiwanda: matrekta, kombaini, karakana, maghala. Punje za ngano zikimwagika kwenye saruji huteleza kama gololi. Mwenye gunia begani hana pa kujishikia.

Sasa tuseme kaanguka, kavunjika nyonga. Bosi atasema hukuangalia unapokanyaga. Aliyekatwa na mashine anahurumiwa, aliyeteleza anaonekana mzembe.

Sheria ya fidia tuliyorithi kwa Mwingereza, Sura ya 263, haikudai uthibitishe uzembe wa mwajiri. Ukiumia kazini kwa sababu ya kazi, unalipwa. Waingereza wenyewe waliupata utaratibu huo 1897. Ubaya ulikuwa kwenye kiasi. Kiwango cha juu kiliganda: shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu, 83,000 kwa kifo. Shilingi ikashuka thamani, sheria ikabaki palepale. Kufikia miaka ya 2000, mguu wa mtu ulikuwa karibu na bei ya baiskeli!

Bunge lilitunga sheria mpya mwaka 2008, lakini Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015. NAFCO ilikuwa imeshaondoka Hanang. Leo mwajiri anachangia, na mwenye ulemavu mkubwa anapata pensheni ya kila mwezi.

Tatizo lililobaki ni karatasi. Ajali isipotolewa taarifa ndani ya miezi 12, haki inapotea. Kibarua asiye na mkataba, aliyeanguka ghalani na kuambiwa "pole, kapumzike nyumbani", atajuaje? Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunarudi kwenye zile 108,000, tena bila hata hizo.

Je, kazini kwako kuna daftari la ajali? Umewahi kuliona?