MANENO NA YALIKOTOKA (Sehemu ya 6): MKAWIAJI

Neno la leo ni cunctation. Ni la Kiingereza, ila hata Waingereza wengi siku hizi hawalijui. Maana yake ni kukawia. Liliingia huko karne ya 16 kutoka Kilatini, cunctari, yaani kusita au kuvuta muda.

Ukilitaja, anakuja mzee mmoja wa Roma, Quintus Fabius Maximus. Mwaka 217 kabla ya Kristo, Hannibal wa Carthage alikuwa ameshalifyeka jeshi la Warumi kando ya ziwa Trasimene. Hofu ikatanda, Fabius akapewa madaraka yote. Watu wakategemea vita. Wapi! Mzee akawapandisha askari vilimani, akawa anamfuata Hannibal kwa nyuma na kuwavizia waliotoka kutafuta chakula. Vita ya uso kwa uso hapigani. Alijua Hannibal yuko mbali na kwao, kila askari akifa ni shida kumpata mwingine.

Warumi wakamcheka, wakamwita Cunctator, Mkawiaji. Lilikuwa tusi jamani. Muda wake ulipoisha wakapeleka jeshi kubwa Cannae, 216, na kwa siku moja wakafa makumi ya maelfu. Ndipo wakairudia njia ya mzee, na tusi likageuka jina la heshima. Wajamaa wa London waliounda Fabian Society mwaka 1884 walichukua jina kwake: mabadiliko kidogo kidogo, bila kukurupuka. Mwalimu Nyerere alisoma maandishi yao akiwa Edinburgh.

Sasa nesi na Warumi wapi na wapi? Juzi zamu ya usiku, leba, bibi mmoja alinishika mkono: "Sista, mwanangu anaumia, we unaandika andika tu!" Nikamwonyesha patografu. Kila nusu saa nasikiliza moyo wa mtoto, na njia ilikuwa inafunguka vizuri. Kumtundikia dripu ya kuongeza uchungu pale ningeweza kumdhuru.

Ila sidanganyi, nimeuona na ukawiaji mwingine: mama anatoka damu, mtu bado anatafuta funguo za stoo. Fabius hakuwahi kuondoa macho kwa Hannibal. Yule wa funguo hata hakumwangalia mgonjwa. Usimpe jina la Fabius huyo.

Bibi alipata mjukuu wa kike saa kumi na moja alfajiri. Sehemu ya 7 Jumapili, nikitoka zamu.