Milia Ambayo Punda Hakuwa Nayo

Mwaka juzi nilipanda pikipiki kutoka Sikonge kwenda Ipole, kusini mwa Tabora, kufuatilia habari ya wafuga nyuki. Nilikuwa nimevaa shati la bluu iliyokolea, lile la kazini. Tulipoingia tu porini, ndorobo wakanishukia. Dereva wangu, aliyevaa fulana ya kijivu iliyopauka, aliumwa mara mbili tatu. Mimi walinifuata mpaka ndani ya kola. Mzee mmoja tuliyemkuta kwenye mizinga yake alinitazama, akacheka. "Mwanangu, hilo shati ni mwaliko. Huyu mdudu anapenda bluu na nyeusi."

Nilidhani ni maneno ya porini tu. Kumbe hata mitego ya ndorobo hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi, kwa sababu hiyo hiyo. Nikarudi mjini na vivimbe shingoni, nikaanza kusoma, na kusoma huko kukanirudisha kwenye swali la utotoni: kwa nini pembe za ndovu zilitoka Tabora mpaka Bagamoyo, kilomita kama 800, miezi mitatu hivi ya kutembea, juu ya mabega ya watu?

Shuleni jibu lilikuwa fupi: eti hatukuwa na gurudumu. Nyumbani kwetu inasimuliwa kwamba babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, akaenda pwani na kurudi na kaniki na maneno mapya. Hakuna aliyeeleza kwa nini hakuwa na punda.

Jibu, naona, limejificha kwenye jina la mnyama. Waswahili walimtazama mnyama fulani wa porini wakamwita punda milia. Yaani ni punda, kisha kuna milia. Katika pori la magharibi, tofauti kati ya anayestawi na anayekufa iko kwenye hilo neno la pili.

Tuanze na mwaka 1871. Mwaka huo Charles Darwin alichapisha kitabu chake kuhusu asili ya binadamu, na ndani yake akasema milia ya punda milia haiwezi kumkinga kwenye uwanda wazi. Mwaka huo huo Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo, akafika Unyanyembe mwezi Juni, akakaa Kwihara, na mwezi Septemba akashika njia ya kusini-magharibi ili kuikwepa vita ya Mirambo. Alianza safari na punda zaidi ya ishirini. Wengi walimfia njiani, na si wote kwa ndorobo, maana matope na uchovu navyo viliua. Lakini alipofika Mto Gombe, siku chache kutoka Tabora, alikuta pori limejaa nyama, punda milia wakiwemo, wanene na wazima.

Alfred Russel Wallace hakukubaliana na Darwin. Kwake milia ilikuwa maficho, kwamba jioni na usiku wa mbalamwezi mnyama hupotea machoni pa simba. Wazo hilo ndilo wengi wetu tulifundishwa. Ni zuri, lina kasoro moja tu: simba. Mwaka 2016 watafiti walichukua picha za punda milia wa hapa Tanzania, wakazichuja zionekane kama macho ya simba yanavyoona. Mchana, zaidi ya mita 50, simba haioni milia kabisa. Magharibi inapoingia, ni mita 30. Mnyama anaonekana wa kijivu tu, kama wengine. Na akishasogea karibu kiasi cha kuiona milia, simba amekwishasikia harufu na vishindo.

Sasa adui ni nani? Tim Caro, aliyefanya utafiti miaka mingi Katavi, upande ule ule aliopita Stanley, alifikia hatua ya kujifunika ngozi za wanyama na kutembea porini akihesabu inzi. Mwaka 2014 yeye na wenzake walilinganisha maeneo ya wanyama wa jamii ya farasi wenye milia na maeneo ya inzi wanaouma, wakaona yanaendana. Zimbabwe, ndorobo walipowekewa vitambaa vya milia, wachache zaidi walitua. Uingereza, mwaka 2019, farasi walivishwa makoti ya milia. Inzi wa kule si ndorobo, ila ni wanyonya damu wenzao. Walikuja kama kawaida, lakini walipokaribia walishindwa kupunguza mwendo, wakapita au wakajigonga.

Nyati na swala wana njia nyingine: vimelea vya nagana vinakaa kwenye damu yao bila kuwaangusha. Punda wa kufugwa hana kinga hiyo, wala hana milia. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alijaribu tembo wanne kutoka India. Ni mmoja tu aliyefika Karema, naye hakukaa muda mrefu. Pori lilikataa kila kilichoweza kubeba, isipokuwa mtu.

Hapo ndipo Wanyamwezi walipoingia. Mzigo wa kilo 30 hivi, mshahara wa nguo, nyimbo za njiani, na utaalamu uliorithishwa. Hawakuwa wamekosa akili ya gurudumu. Gurudumu linahitaji mnyama wa kulivuta.

Na hawakumwachia ndorobo nchi yote. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alionyesha kwamba watu waliokuwa wengi, wanaolima na kuchoma vichaka, walimsukuma mdudu mbali na ng'ombe wao. Ni sotoka ya miaka ya 1890, pamoja na vita na njaa, iliyorudisha vichaka, na ndorobo akarudi navyo.

Aliyetumwa kupambana naye Shinyanga alikuwa Charles Swynnerton. Kabla ya kuja Tanganyika, alikaa miaka akiwalisha ndege vipepeo mmoja mmoja, aone ni rangi zipi ndege wanazikataa. Mwaka 1919 alichapisha matokeo hayo, na mwaka huo huo akawa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori hapa. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Mtu aliyejua namna rangi inavyomwokoa kipepeo alimaliza maisha yake akifyeka vichaka, njia ile ile ambayo wazee wa Usukuma na Unyamwezi waliitumia bila maabara.

Nilimpigia mama kumweleza yote haya. Akasikiliza, kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo babu walimfanya punda?"

Nikamwambia hapana, mama. Alilipwa, aliijua njia, na alirudi nyumbani. Alibeba mzigo uliomshinda punda.

Akanyamaza kidogo. "Basi na wewe," akasema, "acha kuvaa lile shati."