Mabaka ya kinywani yanayoweza kugeuka saratani

DONDA linalouma humpeleka mtu kwa daktari upesi. Baka jeupe lisilouma wala kuwasha, lililojificha chini ya ulimi au upande wa ndani wa shavu, huweza kukaa kinywani kwa miaka mingi bila mwenyewe kulijali. Hata hivyo, baka la aina hiyo wakati mwingine huwa ndio mwanzo wa saratani ya kinywa.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lenye makao yake jijini Lyon, Ufaransa, takriban watu 390,000 duniani walipata saratani ya midomo na kinywa mwaka 2022. Zaidi ya 188,000 walifariki kutokana nayo mwaka huo. Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakati ugonjwa umeshaenea hadi kwenye tezi za shingo, na hapo matibabu huwa magumu na matumaini ya kupona hupungua.

La kusikitisha ni kwamba kinywa kinaweza kuchunguzwa kwa macho na vidole kwa dakika chache tu, bila mtambo wowote. Baadhi ya saratani hizi hutanguliwa na mabadiliko ambayo daktari wa meno anaweza kuyatambua mapema na kuyachukulia hatua.

Wataalamu huyaita mabadiliko hayo maradhi yenye uwezo wa kugeuka saratani. Jina hilo lilipendekezwa katika kikao cha wataalamu walioshirikiana na Shirika la Afya Duniani (WHO) jijini London mwaka 2005, na lilichaguliwa kwa makusudi. Si kila mwenye maradhi hayo atapata saratani. Walio wengi hawataipata. Lakini hatari yao ni kubwa kuliko ya mtu ambaye kinywa chake ni kizima, na saratani inaweza hata kuzuka mahali pengine kinywani mbali na baka lenyewe.

Baka jeupe na baka jekundu

Maradhi yanayojulikana zaidi ni lukoplakia, jina lililobuniwa mwaka 1877 na Ernő Schwimmer, daktari wa ngozi kutoka Hungary. Hili ni baka jeupe lisilobanduka likisuguliwa, na ambalo daktari hawezi kulihusisha na ugonjwa mwingine.

Tathmini za tafiti zilizowafuatilia wagonjwa zinaonyesha kuwa takriban mmoja kati ya kila 10 wenye lukoplakia hatimaye hupata saratani. Baka laini lenye rangi moja lina hatari ndogo kuliko lenye vinundu au lililochanganyika na wekundu. Mabaka makubwa, pamoja na yale yaliyo pembeni mwa ulimi au chini yake, hutiliwa shaka zaidi.

Ipo aina adimu ya lukoplakia ambayo huenea polepole kinywani na kurudi hata baada ya kukatwa. Huwapata hasa wanawake wenye umri mkubwa, na wengi wao hawajawahi kuvuta sigara. Takriban nusu ya wagonjwa wa aina hii huishia kupata saratani.

Erithroplakia nayo ni baka jekundu, laini kama mahameli. Halionekani mara nyingi kama lile jeupe, lakini ni la kuogopewa zaidi. Mara nyingi, kipande chake kinapopimwa katika maabara, hupatikana tayari kina seli zilizoharibika vibaya au saratani yenyewe. Kwa sababu hiyo, baka jekundu lisilo na chanzo kinachoeleweka halifai kungojewa lipone lenyewe.

Kisa kilichoanzia Kenya

Ugonjwa mwingine hufanya utando wa ndani ya kinywa ugande na kuwa mgumu. Mgonjwa huanza kwa kuhisi mwako anapokula chakula chenye pilipili. Kisha mashavu hukakamaa, ulimi hushindwa kutoka nje vizuri, na mwishowe kinywa hufunguka kidogo tu, hata kijiko kikawa shida kupita.

Kenya ina nafasi yake katika historia ya ugonjwa huu. Mwaka 1952, mtaalamu aliyeitwa Schwartz aliueleza kutokana na wanawake watano wenye asili ya Kihindi waliokuwa wakiishi hapa nchini. Wakati huo chanzo hakikujulikana. Baadaye ilibainika kwamba chanzo kikuu ni kutafuna popoo, ile kokwa ambayo huliwa pamoja na tambuu, chokaa na katu.

Tambuu ina heshima yake katika sherehe na mazungumzo ya watu wa Pwani na wa jamii zenye asili ya Bara Hindi. Wengi huamini kuwa haina madhara iwapo haikutiwa tumbaku. Imani hiyo si sahihi. Mwaka 2004 IARC ilitangaza kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu. Utafiti wa shirika hilo uliotolewa mwaka 2024 ulikadiria kuwa karibu thuluthi moja ya saratani za kinywa duniani mwaka 2022 zilitokana na popoo na tumbaku isiyovutwa.

Ugumu huo wa utando ukishatokea, ni nadra kuondoka kabisa hata mtu akiacha kutafuna. Ndiyo maana vipakiti vyenye popoo, ambavyo huwavutia vijana kwa utamu na manukato yake, ni hatari kubwa kwao.

Tumbaku, pombe na miraa

Tumbaku ndiyo inayoongoza miongoni mwa visababishi vya mabaka meupe. Utafiti uliofanywa Githongo, Meru, na kuchapishwa mwaka 1995 ulilinganisha watu 85 wenye lukoplakia na wengine 141 wasiokuwa nayo. Wavutaji wa kiraiku, yaani tumbaku ya kienyeji inayosokotwa kwa mkono, walikuwa na hatari takriban mara 10 zaidi. Kwa wavutaji sigara, hatari ilikuwa zaidi ya mara nane.

Ugoro na tumbaku ya kutafuna, ambayo baadhi ya wazee huichanganya na magadi, havina moshi lakini havina usalama. Baka mara nyingi hutokea pale pale mtu anapozoea kuuweka ugoro, kati ya mdomo na ufizi.

Pombe huongeza hatari, na ikiambatana na tumbaku madhara huzidi yale ya kila kimoja peke yake.

Kuhusu miraa, utafiti huo wa Meru haukupata uhusiano wa maana kati ya kuitafuna na lukoplakia. Hata hivyo, utando wa shavu upande inakotafuniwa unaweza kuwa mweupe na mgumu, na watafunaji wengi huvuta sigara wakati huo huo. Mtafunaji mwenye baka hafai kudhani kuwa ni alama ya miraa tu.

Jua nalo huharibu midomo, hasa ule wa chini. Watu wenye ulemavu wa ngozi wamo hatarini zaidi. Mdomo unaokauka, kupasuka na kutoka magamba bila kupona unahitaji kuchunguzwa. Kofia pana na mafuta ya kukinga jua husaidia kuulinda.

Pia kuna laikeni, ugonjwa unaochora mistari myeupe kama wavu ndani ya mashavu. Ni takriban mmoja tu kati ya wagonjwa 100 ambaye hupata saratani, lakini anapaswa kuonwa na daktari mara kwa mara.

Yasiyo saratani

Si kila weupe kinywani ni wa kutisha. Utando wa kuvu, unaowapata watoto wachanga na watu wenye kinga dhaifu, kwa kawaida hubanduka ukipanguswa na hutibika kwa dawa. Baka lenye vinyweleo pembeni mwa ulimi, linaloonekana kwa baadhi ya watu wenye virusi vya Ukimwi, husababishwa na virusi vingine na halihesabiwi miongoni mwa maradhi haya. Jino lenye ncha kali au meno bandia yasiyokaa vizuri pia huacha alama, ambayo hutoweka kasoro hiyo ikirekebishwa.

Wapo wanaoficha mabaka wakihofia kushukiwa kuwa wana Ukimwi. Kuficha huko huwapotezea muda ambao ungewaokoa.

Uchunguzi na tiba

Mtu anaweza kujiangalia mwenyewe mara moja kwa mwezi mbele ya kioo, penye mwanga wa kutosha. Atazame midomo, ndani ya mashavu, fizi na kaakaa, kisha autoe ulimi na kuangalia pembeni na chini yake. Mwisho apapase shingo kutafuta uvimbe.

Donda lisilopona kwa wiki mbili, baka jeupe au jekundu, ganzi, uvimbe, au kushindwa kufungua kinywa ni sababu tosha ya kumwona daktari wa meno.

Macho pekee hayatoshi kutoa uamuzi. Daktari hutia ganzi, akakata kipande kidogo na kukipeleka maabara ili seli zikaguliwe kwa hadubini. Zikiwa zimeharibika sana, baka hukatwa au kuchomwa kwa mwale wa leza. Zikiwa na kasoro ndogo, mgonjwa huweza kufuatiliwa kwa miezi na miaka. Hata baada ya kukatwa baka linaweza kurudi, hivyo kuhudhuria kliniki ni sehemu ya tiba.

Kuacha tumbaku ndiyo hatua ya kwanza, na kuna mabaka ambayo hupungua au kutoweka baada yake. Lakini asiyevuta asijihesabu kuwa salama: lukoplakia inayompata mtu ambaye hajawahi kuvuta huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kugeuka saratani kuliko ile ya mvutaji.

Kwa hivyo baka lisilouma lipewe uzito ule ule wa donda linalouma, na lionyeshwe daktari lingali dogo.