Ping (maana)

Ping ni neno la Kiingereza linaloiga mlio mfupi na mkali, kama wa chuma kilichogongwa. Linaweza kumaanisha:

Teknolojia
- Ping (sona): mpigo wa sauti unaotumwa majini na nyambizi au meli, mwangwi wake huonyesha umbali wa kitu.
- Ping (programu): programu ya kupima mawasiliano kati ya kompyuta mtandaoni. Iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983, naye aliipa jina kutokana na mlio wa sona.
- Ping (Apple): mtandao wa kijamii wa muziki ndani ya iTunes, ulioanzishwa mwaka 2010 na kufungwa mwaka 2012.

Michezo
- Ping (kampuni): watengenezaji wa vifaa vya gofu nchini Marekani. Mwanzilishi wake, Karsten Solheim, aliita hivyo fimbo yake ya kwanza kwa sababu ya mlio ilioutoa ilipopiga mpira.
- Ping-pong: jina lingine la tenisi ya meza.

Jiografia
- Mto Ping: mto wa Thailand unaopita Chiang Mai na kuungana na mto Nan kuunda Chao Phraya. Jina hili ni la Kithai, halitokani na neno la Kiingereza.