Mimea adimu hukadiriwa vipi kabla ya ujenzi?

Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 huitaka miradi mikubwa ichunguzwe athari zake kabla ya kuanza. Kuhusu mimea iliyo hatarini, wataalamu hupekua kumbukumbu za makavazi, kisha hulinganisha udongo, mwinuko na unyevu wa eneo na mahitaji ya kila mmea.

Kwa mfano, Streptocarpus teitensis humea kiasili katika kilima cha Mbololo, Taita, pekee, kwenye miamba ya msituni yenye kivuli. Uwezekano wa kuupata katika nyanda kame za Voi ni haba mno.

Hata hivyo, kutoonekana si kutokuwapo. Mimea mingine hujificha ardhini wakati wa kiangazi, hivyo ukaguzi hurudiwa baada ya mvua. Mmea wenye makao mamoja ukifyekwa hapo, umetoweka porini kote duniani.