Uungwana Katika Kukata Video

Neno "haki" limebeba mizigo mingi katika Kiswahili, na watafsiri wa sheria ya hakimiliki wamelitwika mwingine. Haki ni kitu ninachoweza kukidai mbele ya hakimu. Haki pia ni sifa ya mizani isiyopunja. Ndani ya "hakimiliki" neno hili limebeba maana ya kwanza: mtunzi anamiliki, na umiliki wake unatetewa mahakamani. Kisha ipo dhana ambayo Waingereza huiita "fair dealing" na Wamarekani "fair use", ambayo tafsiri yake inayozagaa ni "matumizi ya haki". Hapo kilichokusudiwa ni maana ya pili, lakini msomaji husikia ya kwanza. Mwanafunzi wa gredi ya nane akiambiwa kwamba kuchukua kipande cha filamu ya mtu ni matumizi ya haki, anaelewa kwamba ana haki ya kukichukua. Akikatazwa, anahisi ameonewa.

Nawawazia hasa wanafunzi wa Karagita, mtaa ulio kando ya barabara ya Moi South Lake, ukiwa umeuacha mji wa Naivasha na kuelekea kwenye mashamba ya maua. Wazazi wengi hapo wamefuata kazi ya maua kutoka pembe zote za nchi, na watoto wao wanakutana uwanjani kwa Kiswahili. Ukitaka mtoto huyo aelewe sheria kabla ya kuhariri video, si baada ya kupata matata, mweleze kwa lugha anayoichezea. Na istilahi utakayompa isimpotoshe.

Tuseme darasa la sekondari msingi limepewa kazi ya kutengeneza video ya dakika tatu kuhusu maji. Karagita hakuna habari kubwa kuliko hiyo. Maji ya kuuza yanapita kwa mikokoteni. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi inayozidi kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na ndiyo sababu ya meno ya kahawia ambayo kila mtu huku ameyaona. Ziwa nalo limepanda miaka ya karibuni mpaka likaingia nyumba za watu mtaani Kihoto. Simu ni ya mwalimu, programu ni CapCut au nyingine ya bure inayofanana nayo. Wanafunzi wamepiga picha zao wenyewe mtaani. Sasa wanataka kuongeza sekunde chache za taarifa ya habari iliyoonyesha mafuriko ya Kihoto, na wimbo unaovuma sasa uchezwe kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Mwalimu, si ni ya shule tu?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lake Kenya si lile ambalo wengi wamelichota kwenye mafunzo ya video ya Wamarekani. Sheria ya Marekani ya 1976 inataja kufundisha waziwazi miongoni mwa malengo yanayoweza kukubalika, kisha inampa hakimu mambo manne ya kupima: lengo la matumizi, aina ya kazi iliyochukuliwa, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la mwenyewe. Ni mlango mpana. Yeyote anaweza kufika na lengo jipya akaomba lipimwe.

Kenya ilirithi njia ya Kiingereza. Bunge la Uingereza liliandika dhana hii katika sheria yake ya 1911. Kenya huru ikatunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1966, na tunayoitumia leo ni ya 2001, iliyorekebishwa 2019. Humo malengo yamehesabiwa: utafiti wa kisayansi, matumizi ya binafsi, uhakiki au tathmini, na kuripoti matukio ya sasa, kwa sharti la kutaja chanzo. Kufundisha hakumo katika orodha hiyo. Shule zimewekewa ruhusa zao pembeni, nazo ni finyu. Mkusanyo wa maandishi au nyimbo uliotayarishwa kwa ajili ya shule, kwa mfano, unaweza kubeba dondoo fupi zisizozidi mbili za kazi moja, na jina la kazi na la mtunzi yatajwe. Kwa hiyo "ni ya shule tu" haitoshi. Mwanafunzi lazima aweze kusema anafanya nini na kile kipande.

Hata huko Marekani neno shule halikuwa kinga tangu mwanzo. Mwaka 1841, mjini Boston, Jaji Joseph Story alisikiliza kesi ya Folsom dhidi ya Marsh. Jared Sparks alikuwa amekusanya maandishi ya George Washington katika majuzuu 12. Charles Upham akatunga kitabu chake cha maisha ya Washington katika majuzuu mawili, na ndani yake mlikuwa na kurasa 353 zilizotolewa neno kwa neno kwa Sparks. Kitabu cha Upham kilikuwa katika mfululizo uliokusudiwa maktaba za shule. Story aliusifu mradi huo, akasema anasikitika kuukwaza, na bado akaamua dhidi yake. Vipimo alivyoviandika katika hukumu ile ndivyo vilivyozaa yale mambo manne ya 1976.

Tulirudie lile tatizo la istilahi. "Matumizi ya haki" nimekwisha kulieleza. Wapo wanaosema "matumizi halali". Hilo linajumlisha kupita kiasi, maana aliyenunua leseni naye anatumia kihalali, na aliyepewa ruhusa ya maandishi vilevile. Halali ni hukumu inayotolewa mwishoni, ilhali dhana hii inahusu mwenendo utakaopimwa kabla ya hukumu. "Matumizi huru" ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa hakuna uhuru hapa. Nimefikiria "matumizi ya kiasi", na nilikaribia kuridhika nayo, kwa sababu kiasi ni kipimo na pia ni tabia ya kujizuia. Kasoro yake ni kwamba inajibu swali moja tu, umechukua kiasi gani, na kuacha la pili, umechukulia nini, na la tatu, umemtaja nani.

Ninapendekeza "matumizi ya kiungwana". Methali inasema uungwana ni vitendo, na neno la pili katika "fair dealing" linahusu vitendo, namna unavyomtendea mwenzako katika shughuli. Muungwana akila kwa watu huchukua sehemu inayomtosha, hutaja aliyempa, na hafungui genge kesho yake auze chakula kilekile mlangoni pa mwenyeji. Hayo matatu yanagusa karibu kila kitu ambacho mahakama hutazama. Najua neno lina historia: pwani ya zamani muungwana alikuwa mtu asiyekuwa mtumwa, na uungwana ulikuwa tabaka kabla ya kuwa tabia. Katika Kiswahili cha leo tabia ndiyo iliyobaki, na mwanafunzi wa Naivasha hasikii kingine. Kwa upana wa Kimarekani tunaweza kuiacha "matumizi ya haki" iendelee, mradi tujue kwamba ni ya huko. Sheria mbili tofauti zinastahili majina mawili.

Kiswahili kimewahi kufanya kazi hii vizuri. Sheria ya Tanzania ya 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. "Hakishiriki" ni haki za wale wanaoshiriki kuifikisha kazi kwa watu: mwimbaji, mtayarishaji wa rekodi, mtangazaji. Kwa neno moja, tumeshaeleza kwamba wimbo una wenyewe zaidi ya mmoja. Kenya mgawanyo huo unaonekana katika mashirika ya kukusanya mirabaha: MCSK lilianzishwa kwa ajili ya watunzi, KAMP watayarishaji, PRISK waigizaji na waimbaji.

Na wimbo ndio unaowaponza wanafunzi kuliko kitu kingine chochote. Zile sekunde za taarifa ya habari zinaweza kutetewa, iwapo video inazizungumzia: sauti ya mwanafunzi inaeleza picha zinaonyesha nini na zimeacha nini, jina la kituo na tarehe ya taarifa vimeandikwa chini ya skrini, na kipande hakizidi kinachohitajika kwa hoja hiyo. Huo ni uhakiki. Wimbo uliolala chini ya dakika tatu zote hauhakiki kitu. Umewekwa kwa sababu unapendeza, na kupendeza ndiyo bidhaa anayoiuza mwenye wimbo.

Mei 2022 taifa zima lilipata somo hili. Muungano wa Azimio la Umoja ulipomtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga, wimbo "Extravaganza" wa Sauti Sol ulitumika katika video ya kampeni, na kundi hilo likalalamika hadharani kwamba halikuombwa ruhusa wala halikutoa leseni. Mabishano yaliyofuata yaliwafundisha wengi kuwa kulipia muziki uchezwe ukumbini ni jambo moja, na kuuoanisha wimbo na picha za video ni jingine, linalohitaji idhini ya wenyewe. Mwanafunzi anayeburuta wimbo hadi kwenye mstari wa sauti wa CapCut anafanya jambo hilo la pili.

Kuna imani mbili ningependa zifutwe ubaoni wiki ya kwanza. Ya kwanza ni kwamba sekunde 30, au 10, au 7 ni bure. Sheria ya Kenya haina idadi hiyo. Sekunde tano zikiwa ndizo kiitikio chenyewe, zinaweza kuwa nyingi. Ya pili ni lile tangazo la "sina nia ya kukiuka hakimiliki" linaloandikwa chini ya video. Halina nguvu yoyote. Kutaja chanzo ni sharti la uungwana, lakini hakuchukui nafasi ya ruhusa pale ruhusa inapotakiwa. Isitoshe, mtambo wa YouTube unaolinganisha sauti na picha haumuulizi mtu alikuwa na lengo gani. Unatambua wimbo, unatekeleza agizo aliloliacha mwenyewe, basi. Na mwenyewe akiomba video iondolewe, hilo ni onyo; maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kuifungia shule chaneli yake yote.

Picha nazo zina hesabu yake. Mbele ya Karagita, kando ya ziwa, iko Elsamere, nyumba aliyoishi Joy Adamson, mwandishi wa "Born Free". Alifariki Januari 1980. Kenya hulinda maandishi na michoro kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, hivyo kazi zake zinalindwa mpaka mwisho wa 2030. Wanafunzi wakirekodi mahojiano huko na mchoro ukaonekana ukutani nyuma ya msemaji, sheria inaruhusu, kwa kuwa umeingia kwa nasibu tu. Wakiukaribia, wakaujaza kwenye fremu na kuufanya jalada la video yao, nasibu imekwisha. Kwa mhariri tofauti hiyo ni ya vidole viwili kuvuta picha kwenye kioo cha simu, na ndiyo maana nasema kuhariri na kufuata sheria vifundishwe katika kipindi kimoja.

Watu waliomo kwenye picha wana sheria yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na sura ya mtoto ni data. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Fomu za wazazi ziwe zimerudi kabla kamera haijawashwa.

Lakini muziki utoke wapi? Jibu ninalolipenda ni mtaani. Maji yakimiminika kwenye mtungi, kwato za punda kwenye lami, furukombe akilia juu ya ziwa asubuhi, pampu ya kisima. Sauti hizo zikirekodiwa peke yake, dakika moja moja, simu ikiwa imekingwa upepo kwa sweta, kisha zikalazwa chini ya simulizi kwa kiwango cha chini, zinaifanya video isikike kama ya Karagita na si ya popote. Anayetaka ala atafute muziki wenye leseni ya Creative Commons, asome herufi zake: BY inamtaka ataje mtunzi, NC inakataza biashara, na ND inakataza kuibadili kazi, hivyo haifai kuwekwa chini ya video. Wimbo wa bibi, ule wa jando au wa mavuno, usidhaniwe kuwa hauna mwenyewe. Tangu 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa na sanaa za jadi, na mwenyewe ni jamii.

Jambo moja husahaulika mpaka video ishinde tuzo kwenye tamasha la drama na filamu la shule. Wanafunzi nao wana hakimiliki. Haihitaji kusajiliwa ili iwepo, ingawa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ina sajili ya mtandaoni kwa anayetaka ushahidi. Kazi ya picha na sauti inalindwa miaka 50, kwa hiyo video itakayotolewa 2026 ni mali ya mtu hadi mwisho wa 2076. Ya nani? Sheria inamtambua mtunzi wa filamu kuwa yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza, na darasani huyo anaweza kuwa mwalimu, shule, au wale wanafunzi watano walioandika mswada na kutafuta wa kuwahoji. Ningewashauri wakae chini siku ya kwanza, waandike kwenye karatasi moja nani amepanga nini na nani ataamua video iwekwe wapi, kila mmoja atie sahihi, na mwalimu abaki na nakala.