Moto na Hewa Yake

Msomaji, ukipita Kamakis, upande wa Ruiru, utaona majiko ya nyama choma yakifuka mchana kutwa. Wala wachomaji hawazimii, kwa kuwa upepo huichukua hewa mbaya. Lakini litie jiko moja la namna hiyo katika chumba cha kulala, usiku wa baridi ya Julai, ukafunge mlango na dirisha: huenda walalao humo wasiamke. Makaa ni yale yale. Mahali ndipo palipobadilika.

Wakikuyu wa zamani walikoka moto katikati ya nyumba, penye mafiga matatu. Nyumba hazikuwa na dohani, lakini moshi ulipenya katika nyasi za paa, na hewa mpya iliingia mlangoni. Macho yaliwasha, ila nyumba ilipumua. Kisha yakaja mabati, mawe, saruji na vioo. Kuta zilizoizuia baridi zikaizuia na hewa pia.

Moto, kama mtu, hula hewa. Ukipunjwa hutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika miaka ya 1850 Claude Bernard wa Ufaransa alionyesha kwamba sumu hiyo hukalia mahali pa oksijeni katika damu. Nayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Katika miaka ya 1890 John Scott Haldane wa Uingereza aliivuta makusudi ili aandike dalili zake, akawashauri wachimbaji wa makaa ya mawe washuke shimoni na wanyama wadogo, ambao huzimia kabla ya binadamu.

Basi usidhani jiko la gesi la kupashia chumba joto limeepukana na sheria hiyo. Lataka tundu la chini la kuingizia hewa, tundu la juu la kutolea, na bomba la kupeleka uchafu wake nje. Matundu hayo yasizibwe kwa sababu ya baridi. Mwali ukiacha rangi ya buluu ukawa wa manjano, au kichwa kikiuma, zima moto, fungua milango, utoke nje. Na jiko la makaa lisilale ndani kamwe, hata likionekana limekufa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wazee waliuacha moto upumue. Sisi tuliojenga kuta madhubuti yatupasa kuifungulia hewa njia kwa mikono yetu.